Kuhamisha okidi za porini: kwa nini hufa, na namna ya kuzilinda zilipo

*Swali: Naishi katika kijiji kimoja wilayani Makete, kando ya uwanda wa Kitulo. Marehemu baba aliniachia eneo la majani la ekari tatu hivi ambalo halijawahi kulimwa. Kila msimu wa mvua huota humo maua mengi ya porini, yakiwemo yale ambayo viazi vyake huchimbwa na kuuzwa kwa debe kwa ajili ya chikanda, chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi hivyo. Miaka ya karibuni wachimbaji wameingia hata humo na maua yamepungua sana. Mwaka juzi, mwezi wa pili, nilichimba mimea kama ishirini iliyokuwa imechanua, nikaihamishia bustanini nyumbani, nikaiwekea samadi na kuipulizia dawa ya ukungu pamoja na viazi mviringo vilivyokuwa jirani yake. Mwaka uliofuata ilichipua, ila majani yalikuwa madogo na haikutoa maua. Mwaka huu haukutokeza hata mmoja. Nilikosea wapi? Naweza kukata viazi vyake vipande nikavipanda kama tunavyofanya kwa viazi mviringo? Nizuie kabisa moto na ng'ombe katika eneo lile? Na je, chikanda inaweza kulimwa ili watu waache kuchimba ya porini?*

Ndugu msomaji, swali lako lina huzuni mbili ndani yake: mimea uliyojaribu kuiokoa imekufa mikononi mwako, na eneo alilokuachia baba linaelekea kubaki majani matupu. Huzuni ya kwanza naweza kukupunguzia mara moja. Hata kama usingeweka samadi wala dawa, na hata kama ungekuwa na mkono mwema kuliko watunza bustani wote wa Makete, mimea mingi kati ya ile ishirini ingekufa vilevile. Maua yako ni okidi za ardhini, yaani zinazoota udongoni badala ya juu ya miti, nazo hazihamishiki kirahisi, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachozilisha haimo ndani ya mmea wenyewe, imo katika udongo unaouzunguka. Ukilielewa hilo, maswali yako mengine yote yatapata majibu, kwa hiyo naomba univumilie nilieleze kwa kirefu.

Tuanze na kiazi chenyewe. Okidi zinazochimbwa kwa ajili ya chikanda ni za jenasi kadhaa, yaani makundi ya mimea yenye undugu wa karibu, hasa Disa, Satyrium na Habenaria, na nyingi kati ya hizo huishi kwa utaratibu mmoja. Wakati wa kiangazi, hasa miezi ile ya baridi kali na umande unaoganda, hakuna kitu juu ya ardhi. Mmea mzima umejificha katika kiazi kimoja kidogo. Mvua za kwanza zikinyesha, chipukizi lililo kichwani mwa kiazi hicho hupanda juu, hutoa majani, kisha shina la maua. Kazi hiyo yote hulipiwa na akiba iliyomo kiazini, na wakati huohuo majani huanza kujaza kiazi kingine kipya pembeni, ambacho ndicho kitakachozaa mmea wa mwaka unaofuata. Ndiyo maana ukichimba okidi iliyochanua mwezi wa pili utakuta viazi viwili: kimoja cha kahawia, kilichonywea na kulegea, ambacho ukikibonyeza kwa kidole hubonyea, na kingine cheupe, kigumu, kilichojaa maji. Kile cha kwanza kimekwisha kazi. Uhai wote wa mmea umo katika kile cha pili.

Sasa rudi kwenye bustani yako. Mimea uliyoichimba ilikuwa imekwisha kujaza kiazi kipya kwa kiasi fulani kabla hujaigusa. Mwaka uliofuata ilichipua kwa kutumia akiba iliyotoka nayo kule kwa baba, na chipukizi lile lilikupa tumaini kwamba imeshika. Kumbe ilikuwa haijashika. Majani madogo uliyoyaona yalikuwa dalili kwamba mmea unatumia kuliko unavyoingiza, na kiazi kilichojengwa msimu huo wa pili kilikuwa kidogo mno kiasi cha kushindwa kuvuka kiangazi. Watu wengi hudanganyika kwa namna hii: hutangaza mafanikio mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu hawana cha kuonyesha. Kwa hiyo mtu akikuambia amefaulu kuhamisha okidi ya majanini, muulize ni misimu mingapi imepita na kama imewahi kuchanua tena.

Kilichokosekana bustanini ni kuvu. Simaanishi ukungu unaoshambulia viazi wala uyoga tunaoula, ingawa uyoga na kuvu hii ni wa ukoo mmoja mpana. Namaanisha nyuzi nyembamba mno za kuvu zinazoishi katika udongo wa majanini na kuingia ndani ya mizizi ya okidi. Humo hujikunja vifundo vifundo ndani ya seli, na okidi huvimeng'enya vifundo hivyo na kupata madini, maji na chakula. Mmea uliokomaa una majani mabichi na hujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua, hivyo unaweza kujikimu kwa muda bila kuvu wake wa kutosha. Mbegu haiwezi kabisa. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, na tofauti na punje ya mahindi au ya maharage, karibu haina akiba ya chakula kwa ajili ya kiini chake. Kifuko kimoja kinaweza kubeba maelfu kwa maelfu ya mbegu, upepo ukazitawanya mbali, lakini ile isiyokutana na kuvu inayopatana nayo hufa. Inayokutana nayo huvimba na kuwa kidonge kidogo cheupe kiitwacho protokomu, ambacho huishi chini ya ardhi gizani, bila jani, kikilishwa na kuvu pekee kwa miezi mingi na pengine zaidi ya mwaka, kabla ya kutoa jani la kwanza. Kuanzia hapo hupita miaka kadhaa mpaka ua la kwanza.

Jambo hili lilimshinda binadamu kwa muda mrefu. Wakulima wa maua wa Ulaya walimwaga mbegu za okidi kwenye kila aina ya udongo wasione kitu, mpaka mwaka 1899 Mfaransa Noël Bernard alipogundua kwamba miche michache iliyoota yenyewe msituni ilikuwa na kuvu ndani yake. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu inaweza kuoteshwa bila kuvu iwapo italishwa sukari na madini ndani ya chupa iliyotakaswa. Njia yake ndiyo iliyozaa biashara ya okidi za vyungu tunazoziona mahotelini. Hata hivyo, nyingi za okidi hizo za biashara hutokana na jamii zinazoota juu ya miti, ambazo hukubali chupa kwa wepisi. Okidi za ardhini za nyanda za juu ni wabishi zaidi, na hata zikiota chupani, nyingi hufa siku ya kuhamishiwa kwenye udongo.

Ukijua hayo, utaona kwamba samadi na dawa ya ukungu viliharakisha tu kilichokuwa kinakuja. Udongo wa majanini unaopendwa na okidi ni maskini wa nitrojeni na fosforasi, na ushirika wa mmea na kuvu umejengwa juu ya umaskini huo. Samadi na mbolea za viwandani hunufaisha majani makubwa na magugu, ambayo huota haraka na kuifunika okidi. Na dawa tunazopulizia viazi mviringo kuzuia bakajani zimetengenezwa ili kuua jamii ya kuvu na viumbe vinavyofanana nazo. Nyingi kati yake haziwezi kutofautisha adui wa kiazi mviringo na rafiki wa okidi. Kama eneo la baba linapakana na shamba la viazi, acha ukanda wa majani wa mita kadhaa usiopuliziwa wala kuwekwa mbolea, na angalia maji ya mvua kutoka shambani yanaelekea wapi. Mfereji mdogo wa kuyageuza, uliochimbwa ndani ya mpaka wa shamba na si ndani ya majani, unaweza kuokoa mengi.

Kuhusu kukata viazi vipande: hapana. Kiazi mviringo ni shina lililonenepa chini ya ardhi, ndiyo maana kina macho mengi, na kila jicho linaweza kuwa mmea. Kiazi cha okidi hizi kina chipukizi moja tu, kichwani. Ukikikata, kipande chenye chipukizi hupoteza akiba yake, na vingine havina pa kuchipulia, vyote huoza. Kuna pia imani niliyoisikia kwa wachimbaji wengi, waungwana kabisa, kwamba mtu akichukua kiazi kimoja na kurudishia kingine ardhini hajaua mmea. Wanachukua kipi? Kile cheupe kigumu, kwa sababu ndicho chenye uzito na ndicho mnunuzi anachokitaka. Wanachorudishia ni kile kilichonywea. Mmea huo umekufa, ingawa majani yake yanaweza kubaki kijani kwa siku chache zaidi.

Wakati wenyewe wa uchimbaji unaongeza madhara. Okidi haionekani mpaka itoe majani au maua, kwa hiyo huchimbwa kabla haijakomaza mbegu. Mama na watoto huondoka pamoja. Mmea wa majanini uliofikia kuchanua unaweza kuwa na umri wa miaka mingi, na mchimbaji mwenye jembe dogo anaweza kumaliza kundi zima kwa asubuhi moja. Mahitaji yenyewe hayatoki kijijini kwenu. Nchini Zambia viazi hivi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, kisha huchemshwa mpaka mchanganyiko ushikamane na kuweza kukatwa vipande. Zamani kilikuwa chakula cha watu wa kaskazini mwa nchi hiyo, hasa Wabemba, na leo huliwa mijini kote. Okidi za huko zilipopungua, wanunuzi walivuka mipaka, na Nyanda za Juu Kusini zikawa ghala lao kupitia Tunduma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kutoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka, na kwamba spishi zipatazo 85 zilikuwa hatarini kuguswa na biashara hiyo. Mfanyabiashara hachagui spishi. Debe moja huweza kuwa na viazi vya okidi inayopatikana kote kusini mwa Afrika pamoja na vya okidi isiyopatikana popote duniani ila kwenye milima yenu.

Hofu hiyo ilikuwa sehemu ya sababu za Kitulo kutangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 412, hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji mliiita Bustani ya Mungu kabla ya mtaalamu yeyote kufika kuhesabu spishi 45 za okidi za ardhini katika uwanda huo. Nakukumbusha hili kwa sababu ekari zako tatu, zikiwa kando ya hifadhi na zikiwa hazijawahi kuguswa na jembe, zina thamani isiyolingana na ukubwa wake. Udongo ambao haujawahi kulimwa bado una kuvu zake zote. Ukilimwa msimu mmoja tu, hakuna fundi awezaye kuurudisha ulivyokuwa katika muda wa maisha yake.

Nije kwenye moto na ng'ombe, kwa sababu hapa watu wenye nia njema hukosea sana. Wengi hudhani kwamba kulinda ni kuzungushia uzio na kuzuia kila kitu. Majani ya nyanda za juu yakiachwa bila kuchomwa wala kulishwa kwa miaka mingi, hujazana, mabua makavu hufunika udongo, vichaka huingia, na mche mdogo wa okidi haupati mwanga. Moto wa kiangazi unaopita wakati viazi vyote vimelala chini ya ardhi huondoa mabua hayo na kuacha majivu kidogo, na baadhi ya okidi huchanua kwa wingi zaidi msimu unaofuata. Moto huohuo ukija kwa kuchelewa, baada ya mvua za kwanza kuamsha machipukizi, huunguza chipukizi pekee la mwaka, na kiazi kilichokwisha kutumia akiba yake hakina jingine la kutoa. Hatari, basi, iko katika tarehe na katika kurudiarudia. Ushauri wangu ni ugawe eneo lako katika sehemu tatu, sehemu moja tu ipitiwe na moto katika mwaka mmoja, mapema kiangazini, siku isiyo na upepo, baada ya kupata kibali cha serikali ya kijiji na kuwaarifu majirani. Kwa vile unapakana na hifadhi, usiwashe hata njiti kabla ya kuzungumza na askari wa hifadhi, maana moto hausomi mipaka.

Ng'ombe nao si maadui wa moja kwa moja. Waache nje tangu mvua za kwanza mpaka vifuko vya mbegu vikauke na kupasuka. Kisha wachache wakiingia kwa muda mfupi hupunguza majani na kwato zao hufungua udongo hapa na pale. Kundi kubwa linalolala humo ni jambo jingine, kwa sababu samadi yake itafanya kilekile ilichofanya bustanini kwako. Ninachokiogopa zaidi kuliko ng'ombe ni mipaina na miwati. Mbegu zake husafiri kwa upepo na maji kutoka mashamba ya jirani, na mche wa futi moja unaoonekana hauna neno utakuwa mti utakaokausha na kutia kivuli sehemu nzima. Ing'oe ikiwa midogo, kwa mkono, baada ya mvua, udongo ukiwa laini.

Unaweza kufanya nini zaidi ya kulinda? La kwanza ni kujua ulicho nacho, na hili halihitaji kuchimba. Tazama ua moja moja kwa karibu, bila kulikata. Ukiona vijimirija viwili vinaning'inia nyuma ya kila ua, huyo ni Satyrium. Ukiona kofia juu ya ua na kijimirija kimoja tu kinachotoka kwenye kofia hiyo, kuna uwezekano mkubwa ni Disa. Maua ya kijani au meupe, yenye mdomo uliopasuka vipande vyembamba na kijimirija kirefu chini yake, mara nyingi ni Habenaria, na mengi ya hayo hunukia jioni kwa sababu huwangoja nondo. Piga picha nne za kila aina: mmea mzima, majani ya chini, ua kwa mbele, na ua kwa ubavu ili kijimirija kionekane, ukiweka rula kando yake. Picha hizo zinamtosha mtaalamu katika hali nyingi. Ukizipandisha katika programu ya kutambua viumbe kwa picha kama iNaturalist, hakikisha umechagua kuficha mahali halisi, kwa kuwa picha yenye mahali kamili ni ramani kwa mnunuzi.

Kisha uhesabu. Pigilia vigingi vinne kufanya mraba wa mita kumi kwa kumi, na kila mwaka, katika juma lilelile la msimu, andika mimea mingapi imetokeza, mingapi imechanua, na baadaye mingapi imetoa vifuko vya mbegu. Usivunjike moyo mwaka mmoja ukiona pungufu, kwa sababu okidi za ardhini zina tabia ya kubaki chini msimu mzima bila kutokeza na kurudi mwaka unaofuata. Hesabu ya mwaka mmoja haisemi lolote. Ya miaka mitano inasema mengi, na kwa kweli takwimu za namna hiyo, zinazochukuliwa na mtu anayekaa mahali palepale, ni chache na zinatafutwa na watafiti kuliko unavyofikiri.

Ukigundua kwamba maua ni mengi lakini vifuko ni vichache, huenda wachavushaji wamepungua. Kusini mwa Afrika, katika jenasi ya Satyrium peke yake, imethibitishwa kwamba spishi mbalimbali huchavushwa na ndege wa jamii ya chozi, nondo, vipepeo au nzi, kila mmoja na ua lake. Akikosekana mmoja, mara nyingi nyuki wa mzingani hawezi kuchukua nafasi yake. Hapo unaweza kusaidia kwa mkono. Chavua ya okidi haipeperuki. Imefungwa katika vibonge viwili vyenye vikonyo vifupi, na kila kikonyo huishia kwenye kibandiko chenye gundi. Chukua njiti safi ya meno, igusishe taratibu katikati ya ua, na utaona kibonge cha rangi ya manjano kimenata kwenye ncha. Kipeleke kwenye ua la mmea mwingine wa aina ileile, si la shina lilelile, ukiguse mahali penye unyevu unaong'aa palipo karibu na pale ulipokitoa kibonge kwenye ua la kwanza. Ikiwa umefaulu, baada ya siku kadhaa ua litanyauka na sehemu iliyo nyuma yake itaanza kuvimba. Chavusha maua matatu au manne tu kwa shina. Kukomaza mbegu kunagharimu, na mmea uliolazimishwa kuzaa kila ua unaweza kushindwa kujaza kiazi cha mwaka ujao. Vifuko vikigeuka kahawia na kuanza kupasuka, vitikise palepale, karibu na mama zao, kwa kuwa hapo ndipo kuvu zilipo kwa hakika.

Kuhusu kulima chikanda, nakujibu bila kukupamba: kwa sasa, mkulima hawezi. Nchini Zambia watafiti wamekuwa wakijaribu kuotesha okidi hizi pamoja na kuvu zao maabarani, na ni kazi ninayoitakia kila la heri, lakini safari kutoka kwenye chupa ya maabara mpaka kwenye debe sokoni bado ni ndefu, na kiazi kinachochukua miaka kadhaa kukua hakiwezi kushindana kwa bei na kile kinachochimbwa bure. Mtu akikuuzia mbegu au miche ya chikanda akikuahidi mavuno ya msimu mmoja, ujue ameichimba porini. Vanila, ambayo pia ni okidi na hulimwa Kagera, Uganda na Zanzibar, haitakufaa; ni mtambaazi wa maeneo ya joto na unyevu, na baridi ya Makete itaiua. Ninajua jibu hili halimsaidii mama anayeuza debe la chikanda apate ada ya mtoto, na singependa umgeuze jirani yako kuwa mhalifu. Zungumza naye. Wachimbaji wengi wanajua vizuri kuliko mimi ni mabonde gani yamekwisha, na wamelazimika kwenda mbali zaidi mwaka hadi mwaka. Makubaliano ya kijiji ya kuacha eneo fulani lipumzike, yakiandikwa katika sheria ndogo, hudumu kuliko uzio wako peke yako.

Hata hivyo sheria uifahamu, kwa usalama wako na wao. Kuchukua mmea wowote, au sehemu yake, ndani ya Hifadhi ya Taifa bila kibali ni kosa. Na hata kwa mimea iliyotoka katika ardhi ya mtu binafsi, okidi zote duniani zimo katika orodha za mkataba wa CITES wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Kuvusha viazi mpakani bila kibali chake, viwe vibichi, vikavu au vimesagwa, ni kinyume cha sheria.

Kuna hali moja ambapo kuhamisha kunakubalika, nayo ni pale ardhi yenyewe inapokwenda kuharibiwa kwa hakika, kwa mfano barabara inapopita. Hapo usichimbe kiazi kwa ncha ya jembe. Subiri majani yakauke, weka alama mapema ukiwa bado unayaona, kisha kata pande zima la udongo na majani yake, lenye upana na kina cha sentimita thelathini hivi, ulihamishie kwenye majani ya aina ileile, mwinuko uleule, karibu iwezekanavyo, bila mbolea. Hata hivyo nyingi zitakufa, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike pamoja na wataalamu.

Mambo mengine hayatatuliki kwa maandishi. Ukiona wachimbaji wakiingia kwa makundi, au wanunuzi wageni wakipita kijijini, usiwakabili peke yako. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na kama ni mpakani mwa hifadhi, kwa ofisi ya Kitulo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Ukitaka kuandika sheria ndogo au kuliwekea eneo lako hifadhi ya kudumu, anza na afisa misitu wa wilaya, ambaye atakuelekeza pia kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Na ukikuta ua ambalo wazee wa hapo hawalijui, au mimea yako ikianza kuoza mashina ikiwa ingali imesimama katika eneo lake la asili, mwombe mtaalamu wa mimea aje alitazame. Hebaria (ghala la mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utambuzi) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hebaria ya Taifa iliyoko Arusha zina watu wanaoweza kutambua spishi kwa uhakika, na waachie wao waseme kama inafaa kuchukua sampuli. Watakapokuja, wapatie daftari lako la hesabu na zile picha nne nne, na wapitishe kwanza kwenye sehemu ulikochimba ile mimea ishirini, ili waone kama miche mipya imeanza kujitokeza mahali pake.